Mlango wa Pili wa Mashine



Katika mji wetu wa Bunia, mashine ya michezo ya video haihesabiwi miongoni mwa vyombo vya kujifunzia. Tunaikuta katika vibanda vya mitaani: runinga moja, mashine moja, benchi moja, na vijana wanaolipa franka kwa kila mechi ya mpira. Wazazi wengi huvitazama vibanda hivyo kwa wasiwasi, na wasiwasi wao una sababu, kwa maana saa nyingi za masomo zimemezwa humo. Hata hivyo, ndani ya mashine hiyo mna kompyuta kamili. Sisi wa kikundi cha vijana tulijaribu kuifungua kompyuta hiyo na kuitumia. Kazi hiyo ilitufundisha ufundi kidogo, na ilitufundisha zaidi juu ya maana ya kumiliki kitu, juu ya kumbukumbu ya marehemu, na juu ya udongo tunaoukanyaga.

Tuanze na ufundi. Kila kompyuta huongozwa na programu moja kuu iitwayo mfumo endeshi. Hiyo huamka mapema umeme unapowashwa, nayo ndiyo inayoamua ni programu zipi nyingine zitaruhusiwa kufanya kazi. Mashine ya michezo huja na mfumo endeshi wa mtengenezaji wake, na mfumo huo huruhusu yale tu aliyoyakubali yeye. Lakini ipo mifumo mingine ambayo yeyote aweza kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na kumgawia jirani. Mmojawapo ni Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki. Aina moja ya mfumo huo, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilipewa jina la Ubuntu, neno ambalo ni ndugu wa damu wa neno letu «utu».

Kampuni ya Sony ilipoanza kuuza PlayStation 3 mnamo Novemba 2006, iliweka katika orodha ya mipangilio yake mlango wa pili: mwenye mashine aliweza kusimika mfumo endeshi mwingine kando ya ule wa michezo. Halikuwa jambo geni kabisa, kwani tangu mwaka 2002 kampuni hiyo ilikuwa imeuza vifaa vya kusimika Linux katika PlayStation 2. Watafiti wengi walifurahi, maana prosesa ya mashine hiyo, iitwayo Cell, ilikuwa na nguvu kubwa kwa bei ndogo. Jeshi la anga la Marekani liliunganisha mashine 1,760 za namna hiyo kuwa kompyuta moja kubwa, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2010.

Lakini tarehe 1 Aprili 2010 mlango ule ulifungwa. Sony ilitoa toleo jipya la programu ya mashine, namba 3.21, lililoondoa uwezo wa kusimika mfumo mwingine, na kampuni ilieleza kwamba sababu ni usalama. Aliyekubali toleo jipya alipoteza Linux. Aliyelikataa alipoteza nafasi ya kucheza na wenzake kupitia mtandao wa kampuni. Wanunuzi kadhaa nchini Marekani walikwenda mahakamani mwaka ule ule, na shauri hilo lilikwisha mwaka 2018 kwa maafikiano ya dola milioni 3.75.

Sasa tuje Bunia. Mashine tuliyoitumia ni ya kijana mmoja wa kikundi chetu, ambaye jamaa yake waliikimbia Djugu na kupata hifadhi mjini. Ilinunuliwa Kampala ikiwa imekwisha kutumika, ikavuka mpaka katika mzigo wa mitumba. Kwa kuwa haikuwahi kuunganishwa na intaneti hata siku moja, haikupata toleo lile la mwaka 2010. Tulipofungua orodha ya mipangilio, tuliukuta mlango wa pili ukiwa wazi bado, kama ulivyoachwa na watengenezaji wa kwanza. Ukosefu wa intaneti, ambao kila siku tunaulalamikia, ulikuwa umetutunzia kitu ambacho wenye intaneti walikipoteza zamani.

Furaha yetu ilikutana mara moja na tatizo. Ili kusimika mfumo wa pili ni lazima kuigawa diski kuu ya mashine, na kuigawa ni kufuta kila kilichomo. Kijana yule aliposikia neno «kufuta» alinyamaza. Kisha akasema: «Yaya, mkifuta, jina la mkubwa wangu litaenda wapi?» Ndipo tulipofahamu. Kaka yake mkubwa ndiye aliyeinunua mashine ile. Alikuwa ameunda timu yake ya mpira, akaipa jina la kijiji chao, akaichezesha msimu baada ya msimu. Kaka huyo aliuawa barabarani katika machafuko ya huko kwao. Jamaa walikimbia bila picha hata moja. Jina alilojiandikia kama kocha, na mechi alizoshinda, vilikuwa vimebaki katika diski ile.

Tulijaribu kunakili hazina hiyo kwenye flashi. Sehemu ilikubali, lakini faili tuliyoihitaji kuliko zote ilikuwa imefungwa isinakiliwe. Hapo kikundi kikagawanyika. Wengine walisema kwamba vijana kumi na mmoja wanaotaka kujifunza kompyuta ni wengi kuliko jina moja la marehemu, na kwamba hata kaka mwenyewe angefurahi. Wengine walisema kwamba si halali kwa mtu yeyote kumsemea marehemu, wala kumtaka mfiwa atoe sadaka ambayo wao haiwagharimu kitu. Tuliahirisha kazi kwa majuma mawili. Mashine ilirudi kibandani, mwenyewe akaendelea kupata franka zake za jioni, nasi tukaendelea kubishana.

Aliyetutoa katika ubishi huo hakuwa mmoja wetu. Ni fundi wa simu wa sokoni, mzee asiyecheza mchezo wowote. Tulimwendea tukimwuliza kama kuna njia ya kuvunja kufuli la faili. Alituangalia, akasema: «Wanangu, kwa nini mvunje kitu? Diski hiyo inatoka. Itoeni, mwitunze, mtie nyingine.» Akatuonyesha kifuniko kidogo ubavuni mwa mashine na skrubu iliyoshika diski. Ndani mlikuwa na diski ya kawaida, ya aina ile ile inayotumika katika kompyuta za mkononi. Akatuuzia nyingine kwa bei nafuu, aliyoitoa katika kompyuta iliyokufa. Diski ya kaka tuliifunga katika kitambaa na mfuko wa plastiki, tukamkabidhi mdogo wake. Siku akitaka, atairudisha mahali pake na kuikuta timu kama ilivyoachwa.

Kwa majuma mawili tulikuwa tumebishana kati ya kumbukumbu na maendeleo, kana kwamba Mungu ametuumbia njia mbili tu, na kumbe hatukuwa tumeigeuza mashine kuitazama ubavuni. Mara nyingi katika mkoa wetu tunaambiwa tuchague: ama kusahau wafu ili tujenge, ama kuwakumbuka na kubaki palepale. Ni vema kumwuliza kwanza fundi.

Kazi iliyobaki ilikwenda hivi. Mashine iliiandaa diski mpya, nasi tukaigawa: sehemu ya gigabaiti 10 tukauachia mfumo wa michezo, na iliyosalia tukaipa Linux. Katika flashi tuliweka programu ndogo ya kuamsha mfumo mpya. Mashine ikaisoma na kuihifadhi. Kisha tukatia diski ya Ubuntu, tukaunganisha kibodi na kipanya katika matundu ya mbele, na runinga ile ile ya mpira ikawa kioo cha kompyuta. Umeme ulikatika mara mbili kabla hatujamaliza, tukaanza upya mara mbili. Mara ya tatu ilifika mwisho, na neno «Ubuntu» likatokea mahali palipozoea matokeo ya mechi.

Haifai kuwapamba ninyi wasomaji kwa sifa zisizokuwapo. Mashine hiyo ina kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 256 tu kwa programu za namna hii, na mtengenezaji alikuwa ameufunga uwezo wake mkubwa wa picha usitumiwe na mfumo wa pili. Kufungua ukurasa wa kuandikia huchukua muda wa kutosha kusali Salamu Maria kadhaa. Tena mashine hizo za mwanzo hula umeme karibu wati 200 zinapofanya kazi nzito. Kompyuta ndogo ya mkononi hula sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na anayelipia mafuta ya jenereta anajua maana yake. Mwenye fedha za kununua kompyuta ya kawaida, hata iliyotumika, na anunue hiyo. Sisi tulitumia tulichokuwa nacho.

Na kilichokuwapo kilitosha kuanzia. Alasiri, kabla kibanda hakijafunguliwa kwa wachezaji, vijana kumi na mmoja walijifunza kupiga chapa kwa vidole kumi, kupanga faili, kuandika barua rasmi, na baadaye kuandika programu fupi za kukokotoa hesabu. Wasichana wawili waliochukia kelele za kibandani ndio waliokuwa wa kwanza kuandika programu iliyofanya kazi. Kumbukumbu za mikutano ya shirika letu sasa huchapwa na wenyewe. Jioni mashine hurudi kwenye mpira, na mwenyewe hapotezi riziki yake.

Wengi wenu mnamjua Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alizaliwa mwaka 1991, mwaka ule ule Linux ilipoanza, akafariki Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, mwezi mmoja kabla ya mashine tunayoisimulia kutoka. Naye alikuwa na PlayStation, akajiwekea saa moja ya kucheza kwa juma. Wakati mwingine aliutumia kujifunza programu katika vitabu vya wakubwa, na ustadi huo akautia katika tovuti juu ya miujiza ya Ekaristi. Hakuitupa mashine, wala hakukubali imtawale. Alibaki mwenye kuamua itatumika kwa nini na kwa muda gani. Mfumo endeshi wa mtu nao una mlango wa namna hiyo.

Tena kuna jambo ambalo sisi wa Ituri hatuwezi kulinyamazia. Vifaa vya elektroniki duniani hutumia tantali, madini yanayopatikana katika koltani, na koltani huchimbwa Kivu na pia katika misitu ya Mambasa, mkoani mwetu. Mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda ghafla, na Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa likatoa ripoti juu ya uporaji wa mali ya asili ya Kongo. Miaka hiyo ndiyo miaka ya vita vya Ituri, hata Juni 2003 Umoja wa Ulaya ukatuma askari Bunia katika operesheni iliyoitwa Artemis. Alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, Papa Fransisko aliutaka ulimwengu uache kuinyonya nchi yetu kwa ajili ya mali yake. Madini hutoka kwetu yakiwa mawe, hurudi yakiwa mashine iliyofungwa, na mara nyingi tunaipokea kama wageni wasioruhusiwa kuingia jikoni.

Ndiyo maana tunasema kwamba kujifunza kuifungua mashine ni zaidi ya mchezo wa vijana wajanja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wake wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maelekezo ya Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu hiyo ilikuwa huru, na kila mwenye ujuzi aliruhusiwa kuigusa. Mtu aweza kuwa na kitu mkononi kwa miaka bila kukimiliki. Anakimiliki kweli siku anapojua kimeundwa vipi, anapoweza kukitengeneza kikiharibika, na anapoweza kukigawana na mwenzake bila woga.

Kwa hiyo, ndugu vijana, msikidharau kifaa kwa sababu ya jina lake, wala msikisujudu kwa sababu ya bei yake. Kichunguzeni. Waulizeni mafundi wa sokoni, ambao wanajua mengi kuliko wanavyodhaniwa. Na mnapotaka kujenga kitu kipya juu ya kitu cha mtu, mwulizeni kwanza ni nini kimelala ndani yake.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni kifaa gani tulicho nacho katika kikundi chetu ambacho tunakitumia kwa kazi moja tu, ingawa kina uwezo wa kazi nyingine?

2. Ni lini tuliwahi kumtaka mtu aache kumbukumbu yake kwa ajili ya faida ya wengi? Je, tulitafuta njia ya tatu?

3. Tunawezaje kuwasaidia vijana wa wachimbaji wa Mambasa na Mongbwalu wajifunze pia ufundi wa vitu vinavyotengenezwa kwa madini yao?