Vyumba 52 vya Njoro

Sisi wa Tarime hatuhitaji kupanda ndege ili tuone jumba la kimwinyi la Kizungu. Ukivuka mpaka pale Sirari, ukapita Migori, Kisii na Kericho, ukashika njia ya Nakuru, utafika Njoro. Huko ndiko alikojenga Maurice Egerton, bwana wa Kiingereza ambaye ukoo wake ulikuwa na jumba kubwa huko Tatton, Uingereza. Nililitembelea baada ya kustaafu, na tangu hapo limekuwa likinifikirisha.

Ujenzi ulianza mwaka 1938. Vita Kuu ya Pili ikauchelewesha, na kazi ikaisha mwaka 1954. Kuta ni za mawe ya kuchonga. Ndani kuna mbao za mwaloni, meko ya kuotea moto, na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba. Vyumba ni 52. Waongozaji husimulia kwamba bwana huyo alijenga kwa ajili ya mwanamke aliyempenda, naye akamkataa. Liwe kweli au liwe hadithi, hili moja halina shaka: hakuoa, hakuacha mtoto, na mwaka 1958 akafariki. Miaka 16 ya kujenga, 4 ya kukaa.

Msomaji mpendwa, ramani ya nyumba ni maelezo ya namna mwenyewe anavyodhani watu waishi. Jumba la aina ile huweka kila shughuli katika chumba chake: pa kulia, pa kusomea, pa kuchezea dansi. Boma la Kikurya nililozaliwa lilifuata fikra nyingine. Nyumba zilikuwa nyingi na ndogo, zizi la ng'ombe katikati, na uwanja mmoja ambao kila mtu alilazimika kuupita. Usingeweza kuumwa siku mbili bila kujulikana.

Wala tusidhani kwamba mawe ni ya Wazungu peke yao. Karibu na Migori liko boma la Thimlich Ohinga, ambalo UNESCO ililitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake zilipangwa kwa mawe matupu, bila saruji, yapata miaka 500 iliyopita, na bado zimesimama. Zilijengwa na watu wengi ili zikinge watu wengi pamoja na mifugo yao.

Nayaandika haya kwa sababu kijana wangu anayefanya kazi Mwanza ameniletea ramani. Ni nyumba ya vyumba sita vya kulala, nguzo mbele, na vigae vyekundu. Anataka nyumba yangu ya sasa ibomolewe. Nilipomuuliza sababu, akasema, "Baba, watu watasema tumekutupa." Neno hilo si la kudharau. Kwetu mtoto hupimwa kwa paa la mzazi wake, na najua fedha hizo amezikusanya kwa jasho.

Lakini mimi ni mjane, naishi na mjukuu mmoja. Nikitembea hapa kijijini naziona nyumba nzuri mno, zimefungwa kufuli, mlinzi amekaa kibarazani. Hufunguliwa Krismasi na wakati wa msiba. Wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Egerton huyo huyo mwaka 1939 alianzisha shule ya kilimo papo hapo Njoro. Mwanzoni ilikuwa ya vijana wa Kizungu tu, na hilo tusilifiche. Baadaye ikawapokea wote, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu. Leo maelfu ya vijana hulitaja jina lake kwa sababu ya shule. Vyumba 52 huenda kutazamwa kwa kiingilio.

Nimemjibu kijana wangu kwa barua, maana kwa simu tungegombana. Nimemwomba aniachie nyumba yangu, anirekebishie paa, na ajenge vyumba viwili upande wa pili wa uwanja, vya kwake na wanawe, milango itazamane na wa kwangu. Fedha itakayobaki imsomeshe mjukuu wangu huyu. Na mwezi wa sita, shule zikifungwa, waje walale humo.

Bado hajajibu. Ramani yake nimeiweka kabatini, pamoja na vyeti vyangu.