Mvua ya Sultani

Kwetu Lushoto kinyonga hafugwi. Tulipokuwa watoto tulimwogopa kuliko nyoka, maana nyoka humkimbia mtu, ilhali kinyonga hubaki pale pale akikutazama kwa jicho moja, jicho la pili likiwa na shughuli zake. Akionekana kwenye ua wa michongoma, mmoja wetu alipiga ukelele, wengine wakaja na vijiti, na kama palikuwa na mzee mnusa ugoro karibu, ugoro ukaishia kinywani mwa kinyonga ili tumwone akigeuka mweusi. Wakubwa walitwambia kwamba akikukwea hang'oki, nasi hatukutaka ushahidi zaidi. Ukubwani nilikuja kusoma kwamba makabila mengi ya mashariki na kusini mwa Afrika yana hadithi ya kinyonga aliyetumwa na Mungu kuwapelekea watu habari ya uzima usiokwisha, akajikokota njiani hadi mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Mnyama mwenye sifa kama hizo hakaribishwi sebuleni.

Kwa hiyo mwanangu wa kiume, aliyezaliwa na kukulia London, aliponiambia kwamba zawadi anayoitaka kwa kufaulu mitihani ni kinyonga, nilidhani ananitania. Hakuwa na utani. Alikwisha kuweka akiba ya nusu ya bei, na kila pingamizi langu alilijibu. Nilimwambia kwamba wanyama hawa huporwa misituni, kwamba vinyonga wa milima yetu ya Usambara walisafirishwa kwa miaka mingi kwenda kuuzwa ng'ambo, hadi Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, huyu kazaliwa hapa hapa Uingereza. Kama mimi."

Basi akaja. Asili ya ukoo wake ni milima na mabonde ya Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, na madume yao huota kishungi kirefu cha mfupa kilichosimama kichwani kama taji. Mwanangu akamwita Sultani. Mama yangu, alipopata habari kwa simu kule Lushoto, alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mwanangu, paka wameisha London?"

Mwanzoni Sultani alikuwa wa mwanangu, mimi nikiwa mwenye nyumba tu. Nilijua kwamba taa yake moja ni ya joto na nyingine ni ya miale ya urujuanimno, ambayo bila hiyo mifupa ya kinyonga hulainika. Nilijua kwamba nyenje anaowala hunyunyiziwa kwanza unga wa kalsiamu, na kwamba kibanda chake kina kuta za wavu ili hewa ipite. Kuhusu maji nilijua jambo moja, nalo lilinishangaza: kinyonga haendi kwenye bakuli. Porini hulamba matone ya mvua na umande juu ya majani, maji yanayotikisika na kumetameta. Yaliyotulia kwenye chombo mara nyingi hayatambui, hata yakiwa chini ya pua yake. Ndiyo maana mwanangu alimfungia mashine ya kunyunyiza: tangi, pampu, saa ya kuiwasha na kuizima, na vinyunyizi vidogo juu ya kibanda.

Alipokwenda chuo kikuu katika mji mwingine, kibanda kilibaki sebuleni. Nilijaza tangi, nikasikia pampu ikinguruma, nikaendelea na mambo yangu. Mimi na Sultani tuliunganishwa na swichi.

Katikati ya majira ya baridi mama aliugua, nikafunga safari. Nilimkuta wodini, amelegea, midomo imekauka. Muuguzi alimfinya ngozi ya mkono, akaiachia, ngozi ikabaki imesimama. "Bibi hana maji mwilini," alisema, akanieleza kwamba kwa watu wa umri wake kiu huchelewa kusikika, kwa hiyo mtu hukauka bila kuomba maji. Nikakaa kando ya kitanda na kijiko na kikombe mpaka akapata nguvu za kunigombeza.

London niliikuta kwenye baridi kali, na nyumba ilikuwa kavu kwa sababu vipasha joto vilikuwa vikifanya kazi siku zote. Sultani alikuwa kwenye tawi la chini kabisa, mahali asipokaa mchana. Rangi yake ilikuwa imefifia na kuchanganyika na kahawia, ngozi ya ubavuni imejikunja. Macho ya kinyonga mzima hutokeza nje na kuzunguka kila upande. Ya kwake yalikuwa yamedidimia, tena ameyafumba mchana kweupe. Sakafuni mwa kibanda palikuwa na kinyesi. Ile sehemu ambayo kwa wanyama hawa ndiyo mkojo, ambayo hutoka nzito na nyeupe, ilikuwa na rangi ya chungwa. Nyenje mmoja alimpita juu ya mguu, yeye asijali.

Jirani yetu, mama mmoja mkarimu aliyekuwa na ufunguo, hakukosa kuja. Alisikia pampu ikilia kwa saa zake, akaona tangi limejaa, akaamini kwamba mambo ni shwari. Kumbe kujaa kwa tangi ndiko kulikokuwa dalili ya balaa. Maji ya bomba ya London yana chokaa nyingi, kama ajuavyo kila mwenye birika, na chokaa hiyo ilikuwa imeziba vinyunyizi. Pampu ilinguruma, maji hayakutoka. Sultani alikuwa akifa kiu chini ya mvua iliyosikika bila kunyesha.

Nilimpigia mwanangu. Sauti yake ilibadilika mara moja. "Mama, usimmiminie maji kinywani. Tundu lake la pumzi liko pale pale kwenye ulimi, yatamwingia mapafuni. Mpeleke bafuni." Akanielekeza. Nilibeba mti mdogo wa jamii ya mkuyu uliokuwa kwenye chungu, nikautia ndani ya beseni la kuogea. Bomba la mvua nililielekeza ukutani, maji ya vuguvugu, ili yakigonga vigae yarudi kwa manyunyu mepesi juu ya majani. Kisha ikabidi nimbebe Sultani. Mimi, binti wa Lushoto, nilinyoosha mkono, naye akaukwea polepole. Wakubwa walisema hang'oki. Jioni ile kilichonitisha ni wepesi wa mshiko wake: vidole vilikuwa havina nguvu ya kung'ang'ania chochote.

Nilikaa juu ya mfuniko wa choo nikasubiri. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Maji yalimtiririka kichwani, akabaki amefumba macho. Kisha tone moja likaning'inia kwenye ncha ya kinywa, taya likacheza, akainua kichwa kidogo na kumeza. Akatulia tena. Nilipokuwa nimekata tamaa akameza la pili. Nilielewa kwamba kinyonga hanyweshwi. Anaandaliwa mvua, kisha mtu anakaa kando.

Kesho yake daktari wa wanyama, mzoefu wa jamii ya mijusi, alimpima kwenye mizani ya gramu, akamchukua damu, halafu akamfinya ngozi ya ubavu na kuiachia. Nikajikuta namweleza kuhusu mkono wa mama. Hakucheka, alisema mwili wowote uliokauka hujieleza kwa njia hiyo. Alimdunga maji ya chumvi chini ya ngozi, akanikataza kumlazimisha kula, kwa kuwa tumbo lililokauka haliwezi kusaga nyenje: maji kwanza, chakula baadaye. Majibu ya damu yalionyesha kwamba figo zimeguswa. Angeweza kupona kiu, alisema, lakini figo za kinyonga hazirudi zote, na asidi ya mkojo inayoshindwa kutoka huweza kuganda viungoni ikawa jongo.

Usiku nilimpigia mama. Nilitarajia kejeli. Badala yake aliuliza kama macho yamefunguka, kisha akanipa agizo: "Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Mimi waliponinywesha kwa pupa nilitapika." Lilikuwa ndilo agizo la daktari, tofauti ikiwa ada tu.

Kupona kwake kulikuwa kwa mwendo wake mwenyewe, nami nilikuwa sina la kufanya ila kutazama. Mkojo ule wa rangi ya chungwa ukawa wa njano, kisha mweupe wenye ncha ya njano. Jicho la kushoto lilijaa kabla ya la kulia. Akapanda tawi la kati. Asubuhi moja nilimkuta juu kabisa chini ya taa ya joto, amejitandaza ubavu ili aote, na kijani kilikuwa kimerudi kwenye milia yake. Ulimi ndio uliochelewa. Kinyonga mzima huurusha kupita urefu wa mwili wake, lakini wa Sultani ulitoka nusu njia ukaanguka. Kwa siku kadhaa nilimshikia nyenje kwa kibano karibu na mdomo. Kisha akamnasa mmoja kutoka mbali kwa mlio mdogo, nami nikapiga kelele peke yangu sebuleni.

Saa zile za kusubiri bafuni nilisoma kila nilichokipata. Nilikutana na habari ya vinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya, ambao jamaa zao wanaishi pia mlima Meru wa kwetu. Mwaka 1972 shehena yao ilifika kwa mwenye duka la wanyama kisiwani Oahu, Hawaii, wakiwa wamekonda na kukaukiwa maji. Akawaachia bustanini kwake wajinyooshe, akidhani atawakusanya baadaye. Hawakukusanyika. Walikuta mvua, majani na usiku wa ubaridi, wakazaana, wakapanda milimani, na leo wametapakaa visiwani huko wakila wadudu na konokono wa asili, jambo linalowaudhi wahifadhi. Si mfano wa kuigwa. Lakini ulinifumbua macho: waliokuwa taabani ndani ya masanduku waliponywa na hali ya hewa.

Hapo nikaukumbuka umande wa Lushoto. Tulipokuwa tukienda shule asubuhi, nguo zetu zililowa hadi magotini, na ukungu ulikaa juu ya mashamba mpaka jua lipande. Vinyonga wale tuliowaendea na vijiti walikuwa wamekwisha kunywa kabla sisi hatujaamka. Milima ya Yemen nayo hupata ukungu wake, na kiangazi kinapokaza, vinyonga wa huko hula hata majani, na wataalamu wanadhani ni kwa sababu ya maji yaliyomo. Sultani tulikuwa tumempa manyunyu ya mchana chini ya taa, yanayokauka kabla hajaamua kunywa.

Mimi na mwanangu tukabadili mpangilio. Sasa mashine hunyunyiza jioni taa zinapozimika, kisha kifaa cha ukungu hufanya kazi alfajiri, wakati chumba ni baridi, majani yaamke na matone. Mchana kibanda huachwa kikauke, kwa sababu joto na unyevu vikikaa pamoja bila hewa kupita humletea ugonjwa wa mapafu. Tangini hutiwa maji yaliyoondolewa chokaa, na vinyunyizi huloweshwa kwenye siki mara kwa mara. Jumapili kuna mvua ya bafuni, nami huenda na chai yangu.

Daktari alisema kweli kuhusu figo. Sultani hunywa kuliko zamani, na vipimo vyake haviwi safi kabisa. Madume wa aina yake wanaotunzwa vizuri huishi miaka mitano hadi minane, kwa hiyo ni mzee tayari, na hatumtarajii kuvunja rekodi. Mama naye amepona kiasi cha kurudi shambani. Akipiga simu huuliza habari za mjukuu, kisha habari za "yule mgonjwa mwenzangu", na juzi aliniambia amewafukuza watoto wa jirani waliokuwa wakimchokoza kinyonga kwenye ua wake. Ila hakuwa tayari kumgusa. Hayo, alisema, ni mambo ya Ulaya.

Mwezi ujao nasafiri tena kwenda kumwona. Zamani karatasi niliyomwachia jirani ilikuwa ya swichi na saa. Safari hii swichi zimeandikwa nyuma. Mbele kumeandikwa: tazama macho kwanza; tazama amekaa tawi lipi; tazama rangi ya choo chake; jioni weka alama ya kalamu kwenye tangi, na asubuhi maji yasipokuwa chini ya alama, nipigie hata kama ni usiku wa manane. Jirani aliisoma yote, akafika kwenye mstari wa Jumapili, akaniuliza kama kweli anatakiwa kukaa bafuni muda wote huo. Nikamwambia ndiyo, aje na kitabu.