Nilimwambia Mzee Tuendelee

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu kisa hiki kimeshasimuliwa sana katika chumba chetu cha walimu, na kila kinaposimuliwa lawama hugawanywa: upepo kidogo, injini kidogo, mzee wa boti kidogo. Hapana. Upepo ulifanya kazi yake ya kila siku. Injini ilikuwa nzima. Mzee alisema tusiondoke, nami nikamwambia tuondoke.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mtu wa Ntimaru, na kwetu Kuria Mashariki maji ni ya kunyweshea mifugo. Mito tunaijua, ziwa tunalisikia. Ukitoka Ntimaru ukapita Kehancha hadi Migori, kisha ukashika barabara ya Muhuru Bay, unateremka kutoka kwenye vilima vya tumbaku na mahindi hadi ufuoni mwa Ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huko unakuta watu wanaomzungumzia upepo kama sisi tunavyomzungumzia fahali wa jirani: jana alikuwaje, leo kaamkaje, nani kamkasirisha.

Safari niliipanga mwenyewe. Chama chetu cha walimu kilikuwa na akiba, likizo ya Agosti ilikuwa mlangoni, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kukesha kwenye basi la Mombasa. Nikasema tuna ufuo wetu hapa hapa. Tutapanda boti ndogo Muhuru Bay tuufuate ufuo hadi Mbita, tukitua njiani. Siku ya kwanza Sori, tule samaki, na wanaotaka wakaone maeneo ya visukuku ya Karungu, ambako Felix Oswald alichimba mwaka 1911 kwa niaba ya jumba la makumbusho la Uingereza. Usiku tulale Sindo. Siku ya pili Mbita na kisiwa cha Rusinga: kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi Julai 1969, na upande ambako Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Ya tatu Mfangano, kwenye michoro ya kale ya miambani. Niliipiga chapa ratiba hiyo na kila kituo nikakiwekea saa yake. Umbali niliupima kwa rula kwenye ramani ya darasani, nikaugawa kwa mwendo wa boti. Hesabu ilitoka sawa. Ziwa halikuwamo ndani yake.

Hali ya hewa pia niliiangalia, msije mkasema sikujali. Niliandika "Migori" kwenye simu, simu ikaniambia jua na upepo mdogo. Mji wa Migori uko mbali na ziwa. Nilichoangalia ni hali ya hewa ya soko. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa peke yake, wenye upepo na mawimbi, kwa ajili ya wavuvi. Na pale tulipopandia boti palikuwa na ofisi ya kamati ya ufuo, ile ambayo kila mtu huita BMU, ambako ningeweza kuuliza bure. Nilisimama mbele yake nikapigwa picha.

Boti ilikuwa ya mbao, ndefu kiasi, na injini ya nguvu za farasi 15 nyuma. Mwenyewe alikuwa mzee aliyezeekea kwenye kazi ya mbuta na omena, na mbele aliketi mjukuu wake, kijana mkimya aliyekabidhiwa nanga. Mzee alitaka tuondoke saa kumi na moja alfajiri. Tuliondoka saa mbili u nusu. Kulikuwa na chai, kulikuwa na mtu aliyesahau miwani gesti, kulikuwa na picha. Aligawa majaketi ya kuokolea maisha, moja kwa kila kichwa. Tuliyavaa mpaka picha zikaisha, kisha tukayakalia, maana mbao za boti ni ngumu.

Asubuhi hiyo ndiyo iliyonidanganya. Maji yalikuwa laini kabisa, na upepo mwembamba ulitoka nchi kavu ukituletea harufu ya moshi wa majikoni. Tulipokaribia mahali Mto Kuja unapoingia ziwani, ukiwa umeshaupokea Migori huko juu, maji yaligeuka kahawia, na mabonge ya mafunjo na gugumaji yakawa yanaelea pembeni. Mzee alipunguza mwendo, gugumaji lisije likajisokota kwenye panga la injini. Mimi nilikuwa natoa mhadhara. Niliwaeleza wenzangu kwamba ziwa hili lina kilomita za mraba karibu 68,800, kwamba fungu la Kenya ni asilimia 6 tu, kwamba kina chake kwa wastani ni mita 40. Mzee alisikiliza yote hayo kwa adabu. Hakuna aliyemuuliza yeye kitu.

Sori nilikuwa nimeipa saa moja. Lakini samaki wa Sori hapikwi kwa ratiba ya mtu. Tulipofika, ngege walikuwa bado kwenye beseni, na mama mwenye kibanda alikuwa anawaparua magamba kwa kisu kilicholika hadi kikawa chembamba kama kijiti. Aliwachanja mbavuni mikato mitatumitatu, akawapaka chumvi, akawasha moto upya kwa sababu makaa yalikuwa yamepoa. Aliwakaanga wawili wawili. Karai lilikuwa dogo. Tulikula kwa zamu na hakuna aliyelalamika. Siwalaumu ngege. Halafu wawili wetu wakachukua pikipiki kwenda kuona visukuku, wakarudi na vumbi hadi kwenye nyusi na picha za makorongo matupu, kwa sababu visukuku vyenyewe havikai vikisubiri wageni. Ilikuwa saa saba mchana.

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa boti, ametazama nje ya ghuba.

"Mwalimu," akasema, "leo tulale hapa. Saa hizi Gwassi si pa kupita."

Nikamwambia ziwa limetulia.

"Hapa ni ndani ya ghuba. Huko nje upepo umeshageuka. Kesho alfajiri nitawafikisha Sindo mkiwa bado na usingizi."

Nikatoa ratiba mfukoni. Kweli, niliitoa. Nikasema: "Mzee wangu, vyumba vya Sindo tumeshavilipia. Na nusu ya pesa yako iko Sindo."

Hakujibu. Alimtazama mjukuu wake, kijana akapandisha nanga, mzee akavuta kamba ya injini.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumsikia, maana masikio yangu ni mazima na Kiswahili chake kilikuwa safi. Nadhani nilimsikia mtu anayepandisha bei. Nilizoea, kila ninapomkodi mtu, awe wa pikipiki au wa kupakua mahindi, kwamba katikati ya kazi hutokea ugumu mpya unaotaka noti mpya, nikamweka mzee kwenye fungu hilo bila kumpeleleza. Baadaye nilipata habari kwamba hakuwa na nia ya kutudai chochote kwa kulala Sori. Hasara ya usiku ule angeibeba yeye, maana omena huvuliwa usiku na boti yake ingekuwa imekaa bure. Lakini hata kama angetaka noti, bado angekuwa na haki. Nilimfunga mtu kwa pesa yake mwenyewe ili avunje sheria anayoijua yeye nisiyoijua mimi.

Na hapo ndipo penye aibu, kwa sababu sheria hiyo naijua. Naifundisha.

Tulipotoka nje ya ghuba boti ilianza kuyumba, lakini wenzangu walicheka, na mimi nilicheka zaidi kwa kuwa ndimi mwenye safari. Tulipokuwa tumeipita Nyandiwa, vilima vya Gwassi vikiwa vimeteremka mpaka karibu na maji, kicheko kiliisha chenyewe. Mawimbi yalikuwa yanakuja ubavuni, kutoka kushoto, yenye povu vichwani, na kila la tatu au la nne lilitumwagia maji mapajani. Nilitazama ufuoni nikitafuta mahali pa kutulizia macho. Palikuwa na boma juu kidogo ya mawe, na moshi ulitoka jikoni. Haukupanda. Ulikuwa umelala, umenyooka kuelekea mlimani, kama mshale.

Nikauona ubao wangu. Mstari wa chaki nyeupe, kushoto maji, kulia nchi kavu, jua juu, na mshale mmoja wa chaki ya bluu ukitoka kwenye maji kuelekea nchi kavu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji; hewa ya juu yake hupanda; hewa baridi ya majini huja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka, nchi kavu hupoa upesi, na upepo hutoka huko kwenda majini. Kwenye ziwa kubwa kama hili pepo hizo zikitoka kila upande hukutana katikati, na ndiyo maana dhoruba nyingi za huko hupiga usiku. Wavuvi wa matanga waliutumia upepo wa alfajiri kutoka na wa mchana kurudi nyumbani, kabla ya mimi kupata chaki. Nilichora mshale ule mwaka baada ya mwaka. Lakini kwenye mchoro wangu niliweka mnazi, kwa sababu kitabu kina mnazi, na watoto wa Kuria wakanakili mnazi. Kijana mmoja wa upande wa Muhuru aliwahi kuniuliza, "Na ziwani, mwalimu?" Nilimjibu asome ya bahari kwanza, ndiyo inayotoka kwenye mtihani.

Ufuo wa Gwassi unatazama magharibi. Mbele yake ni maji matupu, na upepo unapata nafasi ndefu ya kuyasukuma. Tulikuwa tunapita ubavuni mwa upepo huo, saa unapokuwa na nguvu zake zote, na upande wa pili kuna mawe. Niliyajua yote hayo sasa, kwa mpangilio, yakiwa na alama zake za mtihani. Mzee aliyajua tangu Sori.

Tulianza kuvaa majaketi. Yalikuwa yamelowa kwa kukaliwa, kamba zake zimevimba, na vidole vilikuwa vimepoa. Kijana alichota maji kwa debe bila kupumzika. Mzee alikata shauri tusiendelee. Aligeuza boti polepole, akaelekea kijiufuo chembamba cha changarawe kati ya mawe, akasubiri nje kidogo mawimbi makubwa yapite. Karibu afaulu. Wimbi moja lilikuja kabla ya wakati wake, likaiinua boti nyuma na kuigeuza ubavu, tukajaa maji tukiwa karibu sana na nchi kavu. Mimi sijui kuogelea. Maji yalinifika kifuani, nikashika shati la mtu, na mtu huyo alikuwa mvuvi aliyeingia majini akiwa na nguo zake zote kuja kututoa.

Gharama ni hii. Hakuna aliyekufa. Mwalimu mwenzangu wa hesabu alivunjika kifundo cha mkono wa kulia, akaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto kwa sehemu kubwa ya muhula. Simu zote zililowa. Injini ilizama ikiwa inazunguka, ikabidi ifunguliwe yote, na mbao mbili za ubavuni zilibadilishwa: shilingi 41,000 kwa fundi na vifaa. Pesa hiyo niliipata kwa kuuza mtamba wangu. Mke wangu alinisindikiza mnadani, hakusema neno, na alikuwa na haki ya kusema mengi. Kisichokuwemo kwenye shilingi hizo ni majuma ambayo mzee hakuvua, ikiwa ni pamoja na yale ya kufungua shule, ambapo karo ya mjukuu wake ilitakiwa. Nilipompelekea pesa nilijaribu kumwongezea kwa ajili ya hayo. Alizihesabu, akatoa ya fundi, akachukua na nusu yake iliyobaki ya safari, ile niliyomwambia iko Sindo. Nyingine alinirudishia.

Wenzangu wameanza kuomba safari imaliziwe, kwani tulirudi kwa matatu na mpaka leo kaburi la Mboya sijaliona. Nilimpigia mzee simu nikitarajia akatae. Alikubali, kwa masharti. Pesa yote ilipwe Muhuru kabla ya nanga kupanda, hata kama tutalala Sori siku mbili. Majaketi yavaliwe, asiyetaka abaki. Saa za kuondoka azitaje yeye. Na mwalimu wa jiografia akae mbele na mjukuu, mbali na injini. Kijana ameshaambiwa kwamba mwalimu akianza kueleza jambo, ampe debe.