Punje na Vipande

Dawa nyingi za kuzibia mizizi ya jino huwa kali siku zinapotiwa. Mfereji ukishasafishwa hujazwa gutapacha, utomvu mgumu wa mti wa Malaya ulioanza kutumika kwa kazi hii karne ya 19, nayo hushikizwa kwa saruji laini ya meno. Saruji hiyo ikiwa mbichi huumiza seli inazozigusa kwenye ncha ya mzizi. Ikiganda, ukali hupungua na nyama hutulia.

Mojawapo ya saruji za zamani huchanganywa kwa oksaidi ya zinki na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Bibi yangu wa Pemba hakulijua jina hilo, ila alijua kipimo: karafuu moja ibanwe kwenye jino linalouma, lakini mafuta ya makonyo yasiguse ufizi, yatababua. Maabara zinasema hivyohivyo. Kidogo hutuliza, nyingi huua seli.

Kinachonishughulisha zaidi ni gutapacha yenyewe. Inasifiwa kuwa haina ugomvi na mwili, na mara nyingi ni kweli. Mwaka 1995 Sjögren, Sundqvist na Nair walichapisha majaribio ya kuipandikiza chini ya ngozi ya simbilisi. Vipande vikubwa mwili ulivizungushia ukuta wa nyuzi, ukaendelea na shughuli zake. Punje ndogondogo ndizo zilizoleta balaa: seli walaji zilizizingira, nyingine zikaungana kuwa majitu, uvimbe ukawaka palepale.

Nilipousoma utafiti huo niliwaona ndugu zangu. Ami aliuza shamba la mikarafuu la urithi bila kumuuliza mtu. Jambo zito, lakini lilisemwa, likaliliwa, likawekewa mpaka, na leo ami hakosi harusi hata moja. Shangazi hakufanya kosa la maana. Alisema tu, matangani, kwamba wali haukuiva. Kisha akampita mtu bila salamu. Kisha kuna ile kanga aliyoazima. Hayo hayajaitiwa kikao, maana nani ataitisha kikao kwa ajili ya kanga? Basi kila mtu anayatafuna peke yake.

Iko pia saruji waliyoitengeneza Torabinejad na wenzake huko Loma Linda, California, miaka ya 1990, yenye asili ya saruji ya Portland, ileile ya kujengea nyumba. Inapotiwa ina ukali wa chokaa, lakini mara nyingi tishu ngumu ya mzizi huota juu yake. Tunaye shemeji wa aina hiyo. Wiki ya kwanza alituudhi sote. Sasa hatuamui jambo bila yeye.

Madaktari wa mizizi wa Ulaya hupendekeza picha ya eksirei ipigwe baada ya mwaka, na kivuli cha ugonjwa kwenye ncha ya mzizi kikiwa bado kipo, jino lifuatiliwe hadi miaka minne kabla ya kusema matibabu yameshindwa. Kesi ya shangazi tuliihukumu kabla ya arobaini.