Poke ya Honolulu: Bakuli la kujipangia, na swali la kuuliza kabla mtoto hajala

Kwa msomaji wa Kiswahili, jina la chakula hiki halina taabu. Linaandikwa poke na linatamkwa vilevile lilivyoandikwa. Wanaolikosea ni wageni wengi kutoka bara la Marekani, kwa kuwa kwa Kiingereza maandishi hayohayo yana sauti nyingine. Kwa Kihawaii neno hilo maana yake ni kukata vipande, na ndivyo samaki anavyofika mezani: mbichi, amekatwa vipande vidogo na kuchanganywa na viungo.

Honolulu ni mji mkuu wa Hawaii, visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pwani ya California. Hapa poke si chakula cha hoteli za kifahari. Hupimwa kwenye mizani katika kaunta za supamaketi, na familia hununua na kwenda kulia ufukweni.

Samaki huanzia mnadani

Shughuli huanza alfajiri kwenye Gati namba 38, penye mnada wa samaki wa Honolulu. Samaki hupangwa juu ya barafu, na kipande kidogo hukatwa karibu na mkia ili mnunuzi aone rangi ya nyama na mafuta yake. Aliyewahi kufika Soko la Feri jijini Dar es Salaam ataelewa haraka kinachoendelea.

Zamani wenyeji walichanganya samaki na chumvi ya bahari, mwani wanaouita limu, na inamona, yaani mbegu za mti wa kukui zilizochomwa na kusagwa. Kuanzia mwaka 1868 Wajapani walianza kufika kufanya kazi mashambani. Wao na wahamiaji wengine wa Asia waliongeza ladha zao: sosi ya soya, mafuta ya ufuta na wali.

Kwenye kaunta ya kujipangia

Kwenye migahawa ya kujipangia, mteja huanza kwa kuchagua ukubwa wa bakuli. Kisha huchagua cha chini: wali mweupe, wali wa brauni au majani ya saladi. Baada ya hapo huja samaki, halafu sosi, na mwisho vya kuweka juu, kama tango, parachichi, kitunguu, mwani na ufuta. Ni kama kuagiza urojo Zanzibar: kila mtu huondoka na bakuli lake, na hakuna mawili yanayofanana.

Mtindo huu ulienea sana bara la Marekani miaka ya 2010. Vipande vya nanasi au embe juu ya samaki ni mambo ya huko zaidi kuliko ya visiwani.

Watoto huupenda mtindo huu kwa sababu wanaonyesha kwa kidole wanachotaka. Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuwa makini.

Ahi ni samaki wawili

Jodari wa kwenye poke huitwa ahi. Lakini Hawaii jina hilo hutumika kwa aina mbili: jodari wa mapezi ya njano na jodari wa macho makubwa. Tofauti yao kwa familia ni zebaki. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inaruhusu jodari wa mapezi ya njano mara moja kwa wiki kwa wajawazito na wanaonyonyesha, huku watoto wakielekezwa kwenye samaki wenye zebaki kidogo zaidi. Jodari wa macho makubwa yumo katika orodha ya samaki ambao makundi hayo yanashauriwa kuwaepuka kabisa, hata akipikwa. Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja: “Ahi huyu ni aina gani?” Mhudumu asipojua, salmoni au kamba ni chaguo bora, kwani zebaki yao ni kidogo.

Suala la pili ni ubichi. Mjamzito, mtoto aliye chini ya miaka 5, mzee na mwenye kinga dhaifu wanashauriwa wasile samaki mbichi wa aina yoyote. Kugandisha samaki ipasavyo huua minyoo, lakini hakuui bakteria na virusi vyote. Mwaka 2016 watu 292 Hawaii waliugua homa ya ini aina ya A. Chanzo hakikuwa poke, bali kombe (scallops) walioagizwa kutoka nje na kuliwa wabichi. Mlipuko ule ulionyesha kuwa chakula cha baharini kibichi kinaweza kubeba ugonjwa kisionekane kimeharibika.

Bado mtoto mdogo ana bakuli lake. Kamba waliochemshwa, pweza aliyepikwa, tofu, wali, parachichi na tango vinatosha kushibisha. Mzazi amwombe mhudumu abadilishe glavu na kijiko, kwani kilichogusa samaki mbichi hakifai kugusa chakula cha mtoto.

Sosi nayo ina hesabu yake. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina takribani miligramu 900 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku nzima. Ni vizuri kuomba sosi iwekwe pembeni. Mwenye mtoto mwenye mzio aulize pia kuhusu ufuta, soya na karanga za makadamia, ambazo hunyunyiziwa juu bila mteja kuona.

Linalobaki ni jua. Samaki asikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 isizidi saa 1. Jodari akipata joto hutengeneza histamini, sumu inayoleta uso mwekundu, kichwa kuuma na kutapika, na haiondoki hata akipikwa. Bakuli lililosahaulika kwenye mchanga wa Waikiki halirudishwi kwenye friji. Linatupwa, hata kama limebaki nusu na bei yake iliuma.