Mita na Breki Isiyogusa

Mita za umeme za zamani zilikuwa na dirisha la kioo. Ndani yake ungeona sahani nyembamba ya alumini ikizunguka. Ukiwasha taa nyingi, ilikimbia. Ukizima zote, ilisimama. Siku hizi wengi tuna LUKU, nayo haina sahani. Lakini mita za sahani zilikuwapo Biharamulo na Ngara wakati umeme wetu ulipotoka kwenye majenereta ya dizeli.

Shemeji yangu wa Biharamulo alikuwa na mgahawa mdogo. Bili yake ilipanda mwezi hadi mwezi, na taa zake ni zilezile. Watu walimwambia mita haidanganyi. Mimi ni fundi wa vyuma, kwa hiyo aliniuliza, "Shemeji, kitu hiki kinahesabuje?"

Nilimweleza hivi. Umeme unaopita katika nyaya za mita huisukuma sahani. Bila breki sahani ingezidi kukimbia tu, kama baisikeli yenye mikungu ya ndizi inayoteremka milima ya Ngara. Baisikeli huzuiwa kwa mpira unaosugua rimu, na mpira huo huisha. Mita haitaki breki inayoisha, maana ikilegea hesabu hubadilika. Kwa hiyo mafundi waliweka sumaku. Sahani hupita kati ya ncha zake bila kuzigusa. Sahani ikienda mbio, sumaku huizuia zaidi. Ikienda polepole, huizuia kidogo. Hivyo mwendo wake hulingana na umeme unaotumika.

Ottó Bláthy wa Hungaria alisajili mita ya aina hii mwaka 1889. Mita zake za kwanza zilikuwa na uzito wa kilo 23. Hebu fikiria kutundika mzigo huo ukutani!

Sumaku za wakati ule zilikuwa za chuma kigumu, na chuma hicho hupungukiwa nguvu miaka inapopita. Mafundi walipata dawa. Waliipunguza sumaku nguvu kidogo, kwa makusudi, kabla ya kuifunga. Ikishapungua kiwandani, haipungui sana nyumbani kwa mtu. Seremala naye hukausha mbao kabla ya kutengeneza mlango.

Mizunguko ya sahani huhesabiwa na gia ndogo. Gia unaweza kuikata jino moja moja, ukigeuza chuma kidogo kila mara. Mimi hufanya hivyo mtu akitaka gia moja, na inatosha. Lakini mwenye kiwanda cha mita anataka maelfu. Yeye hutumia kikatio chenye umbo la skrubu, kinachozunguka pamoja na chuma mpaka meno yote yatokee sawasawa. Hermann Pfauter wa Ujerumani alisajili mashine ya namna hiyo mwaka 1897. Jino likikwaruza, sahani huzuiwa, na anayepunjwa ni mwuza umeme. Sumaku ikidhoofika, sahani hukimbia, na anayepunjwa ni mnunuzi.

Hatukuifungua mita ya shemeji. Ni hatari, tena ilikuwa na lakiri. Tulisoma maandishi yake tu: mizunguko 600 ni uniti 1. Taa ya wati 100 hula uniti 1 kwa saa 10. Basi kwa saa 1 sahani izunguke mara 60, yaani mara 1 kwa dakika.

Tulizima kila kitu, tukaacha taa moja ya wati 100. Shemeji alishika saa. Mimi nilihesabu kila alama nyeusi ya sahani ilipopita. Kwa dakika 10 tulitarajia mizunguko 10. Tulipata 12. Umeme wa jenereta hupanda na kushuka, kwa hiyo tulirudia jioni tatu. Kila mara ilikuwa 12.

Shemeji aliandika tarehe na hesabu zote katika daftari lake la kisomo, akalipeleka ofisini. Karani alitaka kumrudisha. Fundi mmoja aliyekuwa karibu akaomba daftari, akalisoma kimya. Kesho yake alikuja na mita yake ya kupimia, na kabla ya wiki kwisha akafunga nyingine.

Tuliwasha taa ileile, tukahesabu tena. Mara 10.