Wanasema Kafulia, Kumbe Analinda Ada ya Mdogo Wake

Dada huyu alikuwa anauza nguo Kariakoo. Masika hii yuko Miono kwa mama yake, gambuti mguuni, na huku mjini wanamcheka eti kafulia. Hawajui kwamba mwaka jana kideri kilimaliza banda zima, na ada ya mdogo wake ikaondoka na kuku. Kideri hakina dawa, kinga yake ni chanjo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Safari hii kachanja mwenyewe, kuku mmoja mmoja. Sasa vita ni mwewe mchana, kicheche usiku. Vifaranga walikuwa 12, wamebaki 9. Kila jioni anawahesabu kwanza ndio ashike simu. Haya wadau, nani kafulia hapo?